Mhandisi aliyeanza na ndoo ya maji: kazi ya shamba letu la Mtopanga

Shamba alilotuachia marehemu baba lina nyumba 22, na hakuna hata moja iliyo yetu. Nyumba ni za wenyewe, sisi tunapokea kodi ya ardhi. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa utaratibu huo. Kila mtu alijenga kwa wakati wake, bila ramani, na kila masika maji yalikuwa yakilala vyumbani.

Fundi wa kwanza alichimba mtaro kwa kukisia. Maji yakasimama katikati, yakaoza. Ndipo nikatafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Nilimwomba cheti, akanionyesha bila kununa.

Siku ya kwanza hakutoa karatasi. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga taratibu mlangoni kwa mama muuza mahamri, akasimama kuyatazama. Yakapita kando ya msingi wa jirani, yakazunguka mnazi, yakaelekea kisimani. Halafu akachimbisha shimo la kufika kiunoni, akalijaza maji, akashika saa. Yalinywewa upesi nikafurahi. Akaniambia, "La, mama, hapo ndipo penye hatari. Chini ni matumbawe, yana matundu. Cha chooni hakichujwi, kinafika kisimani vilevile."

Kutoka choo cha karibu hadi kisima tulipima mita 9. Usiku ule sikulala. Bomba likikauka, na hukauka mara nyingi, watoto wa pale hunywa kisima hicho.

Sasa kila nyumba ina bomba lake la majitaka la inchi 4, linaloshuka sentimita mbili kila mita hadi bomba kubwa la pamoja. Majitaka yanaingia tangi la zege la vyumba viwili, kisha kwenye tabaka la mchanga na kokoto upande wa chini wa shamba, zaidi ya mita 50 kutoka kisimani. Maji ya mvua yana mtaro wake. Mhandisi alisimama na mafundi, pimamaji mkononi, na palipokosewa walifukua upya. Bomba limepinda mara tatu kuikwepa baraza ya mzee mmoja, na kila pindo lina chemba yake. Hakuna ukuta wa mtu uliobomolewa. Hilo ndilo nililomsihi tangu mwanzo.

Mpwa wangu aliye Marekani anasema huko pia kuna mitaa ambayo mtu ana nyumba, ila ardhi anakodi. Nyumba hutoka kiwandani, na tangu 1976 zinafuata kanuni moja ya serikali kuu, lakini mabomba na njia za ndani huwa juu ya mwenye ardhi. Nami naona ni haki. Hatukuwaongezea kodi.

Lawama ninazo. Michoro yote ilikuwa ya Kiingereza, ikabidi nipite nyumba kwa nyumba niwaeleze wenyewe mtaro utapita wapi. Kazi ilichelewa wiki tatu, mitaro ikiwa wazi, na mtoto mmoja akatumbukia akateguka kifundo cha mguu. Mhandisi alikuja kumwona na akalipa matibabu, lakini uchungu wa mtoto haulipiki.

Masika ya mwaka huu mama wa mahamri hakupandisha gunia la unga kitandani. Mhandisi na mafundi wake tumewapa na kazi ya njia za ndani, wataanza vuli ikiisha, na safari hii mkataba unasema uzio wa mabati usimame kabla ya jembe kugusa ardhi.