Wanafunzi wa udaktari mwaloni kwetu: nyota nne kati ya tano

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa Ziwa Victoria, upande wa Mara, na msimu ukifika naanika dagaa kama wenzangu. Vyuo vya udaktari vimetuletea wanafunzi mara mbili, vyuo viwili tofauti. Majina sitayataja.

Mara ya kwanza ilikuwa 2018. Walilala mjini, wakawa wanakuja na basi dogo asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Waligawa vikopo vya kuwekea choo, wakawa na madodoso: unaoga ziwani? Nyumbani una choo? Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu, maana kumkabidhi mgeni kinyesi chako si jambo dogo. Siku ya tatu wakakusanya vikopo, wakaaga. Majibu hayajarudi mpaka leo.

Mwaka mzima kila nikipita naulizwa, "Mama, vile vikopo vyetu vilisemaje?" Nilikuwa sina la kujibu. Mmoja wa waliotoa kikopo alikuwa kijana mvuvi. Miaka miwili baadaye tumbo lilimjaa maji, akatapika damu, watu wakasema karogwa. Sisemi majibu yangemwokoa. Nasema kama alikuwa na kichocho, ugonjwa wa minyoo ya majini ambao vile vikopo vilikuwa vya kuupima, wapo walioweza kujua, na hakuna aliyerudi kumwambia.

Kundi la pili lilikuja mwaka jana. Walikuwa sita, wakakaa wiki nne kwenye nyumba ya mwalimu iliyokuwa tupu, wakala ugali wa muhogo pamoja nasi. Wiki ya kwanza hawakumpima mtu. Walipiga hodi kwa mwenyekiti, kisha wakaja mkutano wa kijiji na kuuliza: ninyi wenyewe, kinachowasumbua zaidi ni nini? Kina mama tukasema kichocho, na umbali wa kwenda kujifungua.

Wakagundua jambo ambalo sisi tulilizoea. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hugawiwa shuleni: mtoto anasimama kwenye kijiti chenye alama, urefu wake unaonyesha ameze vidonge vingapi. Mvuvi anayeshinda majini miaka nenda rudi hayumo kwenye hesabu hiyo. Pamoja na mganga mfawidhi wa zahanati wakaomba dawa wilayani, zikapatikana. Tukawaambia wagawe siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa havuliwi na wanaume wako nyumbani. Wakasubiri mwezi. Siku ya kugawa tulipika uji kwanza, maana dawa ile ukiimeza tumbo tupu inachafua moyo, na mtu akitapika vidonge mbele za watu, wa nyuma yake anaondoka kwenye foleni.

Kabla ya kuondoka, kila aliyepimwa alipewa jibu lake faraghani. Hesabu ya kila kitongoji wakaiandika kwenye karatasi ya manila, wakaisoma mkutanoni na kuibandika zahanati. Mwalimu wao alisomea Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambako kwenda vijijini ni sehemu ya masomo ya udaktari. Alitueleza kwamba tangu 1995 Shirika la Afya Duniani lilishasema shule ya udaktari ina wajibu wa kuelekeza mafunzo, utafiti na huduma zake kwenye matatizo makubwa ya watu inaowahudumia. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Kumbe ni haki yetu? Sisi tulidhani ni hisani."

Nyota moja nimeizuia. Niliuliza kundi lijalo linakuja lini, sikupata jibu. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimzuii mvuvi kuambukizwa tena akirudi majini, na mwalo wetu bado hauna choo. Wiki nne hazitoshi kwa kazi hiyo.

Karatasi ya manila bado iko ukutani. Nimeifunika kwa nailoni mvua isiiharibu, na pembeni nimebandika nyingine, tupu.