Ndagala zangu zilizobaki Kalemie

Ninaandika nikiwa bado na hasira, hivyo msomaji anivumilie. Majuzi nilirudi Lubumbashi kutoka Kalemie kwa ndege ndogo, Cessna Caravan, inayorushwa na mke na mume: mke ndiye kapteni na huketi kushoto, mume ni msaidizi wake. Hilo halikunitisha, ingawa shemeji yangu, aliye fundi wa ndege, alikuwa amenitania kwa habari za marubani Amy Johnson na mumewe Jim Mollison, ambao mwaka 1933 walivuka Atlantiki kutoka Wales, mafuta yakakaribia kuwaishia, wakaanguka Bridgeport, Marekani, na mwaka 1938 wakaachana.

Kilichoniudhi ni mizani. Nilikuwa na mfuko wa ndagala wa kilo 22, nimeushona mwenyewe kwa uzi wa buluu. Kijana wa kupima mizigo, badala ya kuniambia pole, aliusukuma kwa mguu na kusema mbele ya watu, "Mama, chagua: upande wewe au wapande samaki." Watu wakacheka. Nina wajukuu wanaomzidi adabu. Kapteni akaja, hata salamu hakunipa, akaitazama mizani na kuandika. Mumewe akamnong'oneza kwamba mfuko mmoja hautadhuru. Yeye akamwonyesha karatasi tu, na yule bwana, niliyekuwa nimeanza kumwona mtetezi wangu, akaunyanyua mfuko kwa mikono yake mwenyewe na kuuweka kando. Nikasema moyoni: hawa wameamua kumalizia ugomvi wa nyumbani kwao juu ya ndagala zangu.

Niliketi nyuma yao, nimenuna, nikiwatafutia kosa. Mume alisoma orodha ya ukaguzi wa ndege, mke akagusa kila swichi na kujibu. Mahali fulani mume aliruka mstari; mke akasema, "Rudia," naye akarudia bila kununa, akimwita Kapteni. Marehemu mume wangu asingekubali kuambiwa hivyo hata kuhusu komeo la mlango. Tulipokaribia Kundelungu, wingu jeusi lilikuwa limeziba njia. Mume akaonyesha upande wa magharibi, mke akaitikia kwa kichwa, wakalizunguka kwa muda mrefu sana, na hapo, nakiri, nilifurahi kwamba matangi hayakuwa matupu.

Hasira ilirudi shemeji aliponipigia hesabu: kilo 22 ni uzito wa mafuta ya kama dakika nane tu kwa ndege ile. Dakika nane! Ingawa nikilikumbuka wingu lile, sina hakika ni dakika zipi ambazo ningekubali zipunguzwe ili mfuko upande.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, injini ilipozimwa, nilimsikia mume akimuuliza mkewe, "Mama, funguo za nyumba unazo?" Akajibiwa kwamba ni yeye aliyezichukua, na wakaanza kubishana kama watu wote. Nilicheka, nikawasamehe karibu kila kitu, isipokuwa ile salamu.

Mfuko ulifika baada ya wiki kadhaa, umeshonwa upya kwa uzi mweupe, ndagala zimepungua karibu nusu. Hilo siwalaumu marubani, nao nitapanda tena. Kiti cha mwezi ujao nimeshakilipia. Yule kijana wa mizani ndiye ninayekwenda kumwona, na nyuzi zote mbili nimezihifadhi.