Toyota Prado 150 (toleo la zamani) au 250 (toleo jipya) kwa njia ya Liwale?

Kwenye lami ya Lindi–Mtwara tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai. Injini ya dizeli ya 250 ni ileile ya lita 2.8 (Toyota wanaiita 1GD) iliyoingia kwenye 150 mwaka 2015. Gia za otomatiki ndizo zimetoka 6 hadi 8.

Ukiacha lami Nangurukuru kuelekea Liwale, mambo yanabadilika. Chesisi ya 250 ni ngumu zaidi, na baadhi ya matoleo yana kitufe cha kuachia stabilaiza ya mbele (chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia), hivyo tairi linafuata shimo badala ya kuning'inia. Kwa makorongo ya masika, hapo 250 inashinda waziwazi.

Usukani ni kesi nyingine. Wa 150 unasaidiwa na mafuta: mpira wa mafuta hayo ukivuja, fundi wa Masasi anauona kwa macho na kuubadilisha. Wa 250 unasaidiwa na mota ya umeme. Hauvuji, lakini ukigoma unadai kompyuta ya kupimia. Anayekaa mbali na mji abaki na 150.

Dizeli ya madumu, ikiwa na maji, inaziumiza zote. Taa ya chujio la dizeli ikiwaka kwenye dashibodi, zima injini, legeza koki ya chini ya chujio, mwaga maji mpaka itoke dizeli tupu. Ukipuuza, nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye injini) zinakufa, na si za bei ya kawaida.