Usiku mbili vijijini Uingereza: uanzie wapi, ulale wapi

Ukitafuta picha za vijiji vya Uingereza, eneo la Cotswolds ndilo hutangulia. Bei zake utakutana nazo baadaye, ukianza kutafuta chumba. Kwa mapumziko ya usiku mbili, hasa kama huna gari, mimi naiweka ya tatu. Kabla ya kutazama picha, uliza mambo mawili: stesheni iko umbali gani, na jiko la pale unapolala linafungwa saa ngapi.

1. Peak District. Hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa 1951, na treni ya kati ya Manchester na Sheffield inapita humo. Kutoka Sheffield hadi Edale ni kama nusu saa. Ukishuka, huhitaji teksi kufika kwenye pabu (baa zinazouza pia chakula) zenye vyumba vya kulala. Mbele ya mojawapo, Old Nags Head, ndipo inapoanzia rasmi Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 431. Tembea tatu nne za mwanzo, rudi ule.

Siku ya pili nenda Castleton ukaone mapango na magofu ya ngome, au Eyam. Mimi ningechagua Eyam. Tauni iliingia hapo 1665, inasemekana kwa viroboto waliokuwa kwenye kitambaa kutoka London, na mwaka uliofuata wanakijiji wakakubali kujifungia ili isisambae kwa majirani. Majina ya waliokufa yameandikwa kwenye vibao mbele ya nyumba ambazo watu bado wanaishi.

2. Yorkshire Dales. Pazuri kuliko pa kwanza, ila panahitaji usiku wa tatu. Reli ya Settle hadi Carlisle inavuka daraja la Ribblehead lenye matao 24, na pabu yenye vyumba iko karibu kabisa na stesheni. Angalia sana jina la Dent: stesheni yake iko zaidi ya kilomita sita kutoka kijijini, na kupanda mlima ule na begi si mapumziko.

3. Cotswolds. Nyumba za mawe ya rangi ya asali ni kweli zinapendeza. Lakini Arlington Row, ile safu ndogo ya nyumba huko Bibury, huzongwa na watalii hadi huoni milango. Nenda katikati ya wiki, nje ya likizo za shule. Treni kutoka London Paddington hufika Moreton-in-Marsh kwa takriban saa moja na nusu; baada ya hapo ni mabasi, na Jumapili ni machache mno.

4. Lavenham, Suffolk. Nyumba za mbao zilizopinda, za enzi za utajiri wa sufu. Haina reli. Inawafaa zaidi wenye gari.

Kuhusu malazi, pabu yenye vyumba ndiyo chaguo langu la kwanza: chakula kiko chini, kitanda kiko juu. Omba chumba cha nyuma, mbali na baa, la sivyo utalala wanywaji wakishaondoka. Jiko mara nyingi hufungwa saa mbili au tatu usiku. Jumapili jioni na Jumatatu wengine hawapiki kabisa, kwa hiyo piga simu. Hakuna anayekulazimisha kunywa pombe, na nyingi hupokea watoto sehemu ya kulia. Kifungua kinywa huja na bekoni na soseji za nguruwe. Kama huli, sema siku moja kabla, watakupa mayai, uyoga na maharage. Nyama ya halali usiitegemee vijijini.

Nyumba ya wageni ya kifamilia, yenye kitanda na kifungua kinywa tu, huwa tulivu zaidi, ila chakula cha usiku utakifuata gizani. Beba tochi.

Mkiwa familia kubwa, kodini nyumba ndogo yenye jiko. Wenyewe wengi hukodisha Ijumaa hadi Jumatatu, au Jumatatu hadi Ijumaa, hivyo usiku mbili unaweza kulipia tatu. Nunueni vyakula mjini kabla ya kupanda basi.