Dienogesti mg 2 (kidonge cha homoni) kwa endometriosi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake): inasaidia, ila jiandae
Jamani mnaoanza hii dawa, maumivu ya nyonga inayashusha kweli, hapo naipa maksi zote, lakini miezi ya mwanzo damu inatoka matone matone bila mpangilio mpaka unachoka, so tembea na pedi nyembamba na umeze kidonge saa ileile kila siku, ukirukaruka ndo inazidi kuvurugika. Kichwa kuuma na matiti kujaa kwangu vilivumilika. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mudi, yaani ukiona huzuni haikuachii na hamu ya kila kitu imekata usijikaze dada yangu, mwambie daktari mapema, kuna dawa zingine. Halafu hii siyo kinga ya mimba ya kutegemea, tumieni kondomu, msiimeze pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango.