Kuzamia: bwawani Nairobi, baharini Diani (nyota tatu kati ya tano)

Maoni haya nimeyakalia wiki mbili nipoe kwanza. Ningeyaandika siku ileile ningetukana tu, na papa yule hakustahili.

Mafunzo tulianzia bwawani, Westlands, asubuhi za Jumamosi, maji baridi ya kukatisha tamaa. Mwalimu ni mvumilivu. Mara nne nilishindwa kutoa maji kwenye miwani bila kuibuka juu, na hakunicheka. Vifaa ndivyo balaa. Miwani yangu ilivuja upande wa kushoto siku ya kwanza, ikavuja hadi siku ya mwisho, kisha nikaikuta tena kwenye mkoba wa vifaa Diani. Nendeni na yenu.

Pwani tulishuka kwa treni ya SGR, tukavuka kivuko cha Likoni. Ilikuwa Februari, kaskazi, bahari imetulia. Mbizi ya pili, kama mita 12 chini, nilikuwa napambana na miwani hiyohiyo mara mwanga ukapungua, kama wingu limepita. Kutazama juu, tumbo jeupe, samaki wawili aina ya chazo wamejibandika. Kisha akainama, akapita usawa wetu, ndipo nikauona mgongo: madoa meupe safu kwa safu. Papa shilingi. Wenyeji husema Mungu alimrushia sarafu. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na huyu alizidi nissan ya abiria 14 kwa urefu. Mdomo wazi, anachuja vijidudu vya majini, hana habari na sisi. Jicho dogo mno kwa mwili ule. Mkia ulipopiga, maji yalinisogeza nami. Nikajikuta nimezuia pumzi, kosa la kwanza kabisa tulilokatazwa bwawani.

Sasa lililonikera. Tulipopanda mashuani nahodha, mzee wa makamo, akaniuliza, “Mwanangu, Nairobi mnarudi lini?”

“Leo usiku, mzee wangu. Tuna tiketi za treni.”

Akaguna. “Laleni hapa.”

Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni ya hewa anayovuta huyeyuka mwilini, na huhitaji saa nyingi kutoka. Ukipanda sehemu za juu mapema hugeuka mapovu: viungo vinauma, na ikizidi unaweza kupooza. Ndege tulionywa tusipande. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haiko mbali sana na ile ya ndani ya ndege. Kampuni inayowafunza watu wa Nairobi, Nairobi, ndiyo iliyotupangia mbizi ya mchana na treni ya usiku kwenye kifurushi kimoja!

Tulilala. Chumba nikalipa, tiketi nikakata upya. Nilipodai fidia nikaambiwa hakuna mteja mwingine aliyewahi kulalamika.

Nyota mbili ni za mwalimu. Ya tatu ni ya nahodha, ambaye nilikuja kujua hata si mfanyakazi wao, walimkodi na mashua yake. Papa simhesabu, si wao waliomleta.