Samli sokoni: ya kupima, ya kopo na ya plastiki

Samli ya kupima ndiyo yenye harufu nzuri kuliko zote tatu, na ndiyo inayowahi kuharibika. Kosa si la mpishi, ni la mezani: chupa za maji zisizo na rangi hujazwa na kuanikwa juani kutwa ili mnunuzi aone ule udhahabu. Gramu 100 za samli ya ng'ombe zina kolesteroli miligramu 250 hivi, nayo ikipata mwanga, joto na hewa huoksidika, yaani huungana na oksijeni ikageuka kuwa vitu vingine, oksidi za kolesteroli.

Oksidi inayojulikana zaidi ni 7-ketokolesteroli. Hukutwa kwenye mafuta yanayoziba mishipa ya moyo, ndani ya seli za kinga zilizoyameza zikashindwa kuyasaga, na nyuma ya retina (utando wa jicho unaopokea mwanga) za wazee wenye ugonjwa unaofifisha uoni wa katikati. Mwili nao huitengeneza, kwa hiyo samli si mshtakiwa pekee. Ila vipimo vya samli ya Kihindi vilivyochapishwa na jarida la tiba The Lancet mwaka 1987 vilikuta oksidi zimefikia asilimia 12 hivi ya steroli zote, yaani kolesteroli na jamii yake. Siagi mbichi haikuwa nazo.

Kopo la bati linashinda kwa uhifadhi, maana mwanga haupiti. Soma lebo: "samli ya mboga" ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa, haina kolesteroli, na swali lake ni mafuta ya trans, aina inayotokea mafuta yakigandishwa kiwandani na inayodhuru moyo. Kopo la kilo 2 kwa nyumba ya watu wawili ni hasara. Likishafunguliwa, hewa inaingia kila siku. Chukua la nusu kilo. Ya plastiki angavu iko katikati: vuta iliyo nyuma ya rafu, za mbele zimepigwa na taa.

Kabla ya kulipa, sugua kidogo kiganjani, unuse. Nzima hunukia maziwa. Iliyoharibika hunukia karanga za zamani. Chengachenga si kasoro. Pua hunasa asidi za mafuta zilizovunjika, si oksidi zenyewe, basi harufu mbaya inatosha kuikataa ila nzuri si dhamana. Na hata ikiwa safi, zaidi ya nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, aina inayopandisha kolesteroli ya damu; mwenye kolesteroli ya juu apunguze tu.

Kwa bei na ubora, ya nyumbani inazishinda zote. Siagi isiyo na chumvi nusu kilo, sufuria nzito, moto mdogo. Povu likitulia na mashapo yakiwa kahawia hafifu, ipua. Utapata gramu 400 hivi. Wengi huiacha hadi iwe nyekundu: harufu inanoga, oksidi nazo zinapanda. Chuja kwa kitambaa cha pamba, jaza chupa kavu hadi shingoni, weka kabatini. Kijiko chenye maji kisiingie kamwe. Na samli iliyokaangia vitunguu vya biriani iishie kwenye masala ya biriani hiyohiyo, isirudi chupani.